Bwana Nyama wa Edmonton

Hapana, bunduki hakuwa nayo. Nawaona macho yenu, mnataka kuniuliza mnaona haya, basi najibu kabla. Hakuwa nayo chini ya kitanda, hakuwa nayo kabatini, wala huko darini. Alikuwa na mwavuli. Mwavuli mweusi, mrefu, wa kushika kama bakora, na mwavuli huo ndio uliotutesa jengo zima, toka flati yangu ya chini mpaka kwake ghorofa ya pili.

Sie tulimwita Bwana Nyama. Kwao huko bara, afisa wa wanyamapori jina lake ndilo hilo, hata awe kasoma vipi. Akipita kijijini watu wanaambiana, Bwana Nyama huyo anakuja, ficheni sufuria. Kafanya kazi hiyo mapori ya Rufiji mpaka kastaafu, tena ndo binti yake, huyu anayelea wazee wa watu kwenye nyumba za wazee, akamleta hapa Edmonton, London, aje apumzike. Kazaliwa wapi, babu yake nani, hayo kamuulizeni mwenyewe. Mie namjua kuanzia ngazi ya kwanza kwenda juu.

Na kupumzika hakupumzika. Alikuwa na neno moja, moja tu, asubuhi nalo, jioni nalo: watoto wa sekondari wa London wafundishwe bunduki. Si kupiga, jamani, msije mkamfunga bure. Wafundishwe kuiogopa kwa akili. Na kuwinda, jinsi ya kwenda porini mkarudi wote mliokwenda. Tena kwa lazima, kama hesabu. "Asiyefaulu, arudie darasa!" Ndivyo anavyosema, kwa ile sauti yake. Sauti ya mtu anayempigia kelele mwenzake ng'ambo ya mto, na hali weye umesimama hapa mbele yake na mate yanakufikia.

"Bi Chini!" Mie ananiita Bi Chini kwa kuwa naishi chini. "Bi Chini, mtoto wa hapa bunduki anaijua kwenye simu tu! Ataikuta siku moja kweli, atafanya nini?"

Namwambia, "Bwana Nyama, hapa si Rufiji. Watoto wa hapa wanachomana visu, bunduki wataitoa wapi?"

"Na moto? Umefagia sekondari ya hapa miaka mingapi?"

"Mpaka magoti yamekwisha."

"Umeshauona moto?"

"Sijauona."

"Na kengele haikulia kila muhula, wakawatoa watoto nje kwenye baridi wakawapanga mistari?"

Kengele ililia, muhula hata muhula. Hapo alinipata.

Mambo yake yalikuwa matatu. Jengo zima tunayajua kwa moyo, mpaka yule jirani Mpolishi, mtu wa Poland, anayajua kwa Kiswahili. La kwanza, kila bunduki ina risasi, hata ukiambiwa haina, hata umeifungua mwenyewe ukatazama. La pili, mtutu usiuelekeze kwa mtu usiyetaka kumlilia. La tatu, kidole nje ya kifyatulio mpaka umejua unachokiona ni nini, na nyuma yake kuna nini. Hilo la tatu alilipenda mno. "Nyuma yake, Bi Chini! Swala yuko mbele, sawa, mzuri, mnono. Nyuma ya swala kuna nini? Kuna mama anaokota kuni!"

Sasa mambo hayo angeyaacha kwenye bunduki tusingegombana. Lakini bunduki hana, mwavuli ndo anao, basi mwavuli ukawa bunduki. Ukipanda naye basi, anakagua miavuli ya watu. Kuna siku alikaa Mzungu mmoja mzima, suti, kiatu kinang'aa, mwavuli kaulaza mapajani, ncha inamtazama mtoto wa watu. Bwana Nyama akainuka, basi linakwenda, akamwinamia: "Mista! Mazo dauni!" Yaani mtutu chini. Yule Mzungu, "Ai beg yo padon?" kwa puani, hivi, kama ana mafua ya kurithi. "Mazo! Dauni!" Na akaushusha! Wallahi akaushusha, akasema na senkyu. Mie nikatazama nje ya dirisha kama simjui.

Na kwenye stesheni ilikuwa balaa. Kwa wawindaji, mkifika kwenye uzio hampandi na bunduki mkononi. Unailaza chini, unaipitisha ng'ambo, mtutu umetazama kule, kisha ndo unapita mwenyewe. Sasa weye fikiria vile vigeti vya treni. Anafika, anachuchumaa, mtu mzima yule, magoti yanalia kama mlango, anausukuma mwavuli chini ya geti uende ng'ambo. Kisha anasimama, anajipapasa, kadi ya kupitia kaiacha nyumbani. Mwavuli uko ng'ambo, yeye yuko huku, foleni nyuma yake imefika barabarani. Yule kijana wa stesheni anakuja, "Sa, izi disi yo ambrela?" Bwana Nyama anamjibu kwa fahari, "Gani festi, mani afta!" yaani bunduki kwanza, mtu baadaye. Nasra, mjukuu wake, alikuwa kasimama pembeni kajifunika uso kwa kofia ya koti. "Babu, plizi," anasema, "plizi, ai go to skuli hia."

Huyo Nasra mjue. Msichana wa miaka kumi na mitano, yuko sekondari ile ile niliyokuwa nikiifagia. Kiswahili anakielewa chote, mpaka matusi, lakini jibu lake Kizungu. Babu yake anamsemesha kwa sauti ya ng'ambo ya mto, yeye anajibu chini kwa chini kama panya yuko ndani ya mkate. Na kila Jumamosi babu alikuwa akimsimamisha chini ya ngazi pamoja na watoto wa jengo, wanashika fimbo za mifagio, wanajifunza. "Shika! Kidole nje! Nje nimesema! Mwenzako kaanguka mbele yako, unafanya nini? Hukimbilii! Unalaza kwanza bunduki!" Mifagio miwili ilikuwa yangu. Sikupata kufagia Jumamosi mwaka mzima.

Sasa mkidhani huyu ni mtu jasiri, mngojee mbweha. Mbweha wa hapa mnawajua, wanakuja kwenye mapipa ya taka mchana kweupe, hawana haya. Bwana Nyama alikuwa hashuki kutupa taka bila mie. Ananigongea, na kugonga kwake ni kusimama ubavuni mwa mlango, hasimami mbele, kazi ile imemzoeza hivyo, mlango ukifunguka asikutwe mbele ya mtutu. "Bi Chini, hebu nisindikize." Nikamwuliza, weye si umekutana na simba? "Simba ninajua anataka nini," akasema, kajibanza nyuma ya baibui langu na mfuko wa taka mkononi. "Huyu simwelewi. Mtazame. Anatazama kama ananidai."

Na nyama Bwana Nyama hali. Hali! Daktari kamkataza, ana gauti, kidole gumba cha mguu kikivimba anapiga kelele mpaka kaunsili, wenye jengo, wanasikia. Mchana dengu, usiku dengu. Nikipika biriani nampelekea wali mtupu, ananusa sufuria kama askari anayetafuta ushahidi, halafu anapanda na dengu zake.

Hizo dengu tunazifuata Tooting, upande wa pili wa London, mbali kote kule, kwa kuwa binti yake anasema za huku haziivi. Dukani kule Muhindi wa watu, kazaliwa Kampala, katuona tu: "Karibu mama, karibu mzee, mihogo ya leo, mbaazi mbichi, chukueni." Kiswahili kinamtiririka kuliko wajukuu zangu wote ukiwachanganya. Nikamwambia Bwana Nyama tukitoka, umeona, uwe unatazama unachosema mbele ya hawa. Akatikisa kichwa, na ile sauti yake ya kutoa taarifa: "Bi Chini, wenye maduka ndio wanaojua Kiswahili, kwa ajili ya biashara. Wenye ofisi hawajui." Hivyo. Kaligawa kabila zima la watu kwa mafungu mawili, kama nyama.

Siku hizi, baada ya yale ya shuleni nitakayowaambia, akikutana na mtu yeyote, Mchina, Mpolishi, Mzungu mwenye mbwa, anamwamkia kwanza kwa Kiswahili. "Habari za asubuhi?" Anasubiri, anamtazama mdomo, asipojibiwa ndo anasema yake. Watu wanadhani ni adabu.

Lakini msimcheke kwa yote. Neno lile la shule lilikuwa na mzizi wake, na alinieleza mara moja tu, tunangojea lifti ya stesheni iliyoharibika. Alikuwa na mwenzake kazini, kijana, mcheshi, akipika chai kambini anaimba. Jioni wamekaa wanasafisha bunduki, mmoja wao akaielekeza kwa mchezo, akasema usiogope, hii haina kitu. Nayo ilikuwa na kitu. Kijana yule akafa, birika likabaki mkononi. Bwana Nyama akaniambia, "Hatukuwa tumefundishwa, Bi Chini. Tulipewa tu, tukaambiwa nendeni." Sauti aliyosemea maneno hayo mie siigi. Naiga imamu, naiga daktari, namwiga marehemu mume wangu akidai chai. Ile siigi.

Basi. Ikawa siku moja Nasra anatoka shule na rafiki yake, wanakatiza bustani ile ya nyuma, kwenye vichaka rafiki akaona mfuko wa plastiki, ndani kuna kitu kinachomoza. Bunduki. Yule rafiki, "Oh mai Godi, oh mai Godi!" keshatoa simu, anataka aishike apige picha. Nasra akamvuta mkoba mpaka akakaa chini. "Dont tachi! Izi loded!" Mwenzake akamwambia ni ya kuchezea, hata haina risasi, ona. Na Nasra wetu, panya wa ndani ya mkate, siku ile akapaza sauti ng'ambo ya mto: "Ol gans a loded! Mai babu sedi!" Kila bunduki ina risasi, babu kasema. Akamtoa pale, akamwita mwalimu, mwalimu akaita polisi.

Ilikuwa bunduki ya hewa, ile ya kupigia makopo. Na ndani ilikuwamo risasi yake, kichuma kidogo kama punje ya choroko. Polisi akasema ingempata yule mtoto machoni, jicho lingekwenda.

Siku hiyo Bwana Nyama hakupiga kelele. Alishuka, akasimama ubavuni mwa mlango wangu, akasema polepole, "Bi Chini, wameniita shuleni."

Hedimistresi, yule mwalimu mkuu, ndiye aliyemwita. Mpya huyo, kaja mie nishastaafu. Binti yake Bwana Nyama yuko zamu, haachiwi, basi nikaambiwa mie nimsindikize, mie na Nasra. Akavaa sare yake ya zamani ya kaki, tumbo limeikataa, kaifunga kwa pini ya nguo za mtoto. Juu koti la binti yake. Njia nzima anajifunza maneno, midomo inacheza. Mlangoni mwa shule pale mapokezi wakamwomba aache mwavuli. Akaulaza chini, ncha imetazama ukuta, akamwambia yule dada wa mapokezi, "No wani tachi," yaani asiuguse mtu. Yule dada akakisogeza kiti chake mbali nao.

Hedimistresi akatoka kutupokea. Muhindi. Mwanamke wa makamo, nywele fupi zina mvi, ushungi wa hariri shingoni, na Kizungu chake kile cha kusomea habari, kila neno limepigwa pasi. Sauti yake kama kijiko kinagonga kikombe cha kaure, ting, ting. "Plizi, do siti dauni." Tukakaa. Chai ikaletwa, na mie nikashukuru moyoni, maana haikuwa ile ya kuzamisha kikaratasi kwenye maji. Ilikuwa imechemshwa na maziwa yake, tangawizi na iliki ndani. Nikainywa. Nikasema nzuri hii. Chai ile peke yake ingetosha kunifungua macho, lakini nani anachunguza chai?

Akamshukuru Bwana Nyama kwa ajili ya Nasra. Akamwomba aeleze. Na Bwana Nyama, jamani, alieleza! Kile Kizungu chake cha ripoti za serikali, kikavu, kimenyooka. Kila bunduki ina risasi. Mtutu. Kidole, na kilicho nyuma. Akaeleza na kengele ya moto. Alipofika kwa yule kijana wa chai kambini alisema tu, "Mai frendi," akaishia hapo, akatazama mikono yake. Hedimistresi akaweka kalamu chini. Nasra machozi yanamlenga. Mie nilikuwa tayari natafuta leso.

Yule mama akasema, anataka lifundishwe. Si klabu ya baada ya shule, la. Kila mtoto, kila darasa, kila mwaka, kwa lazima, kama lile zoezi la moto. Na yeye mzee aje mwenyewe kuwasimulia. Akatoa karatasi ya ratiba, akaandika jina la Bwana Nyama juu, nimemwona kwa macho yangu, kusoma sijui lakini jina la mtu likiandikwa kwa heshima nalijua. Ila akaomba mambo: isiletwe bunduki, hata ya mti; yasiletwe maganda ya risasi; na kuwinda kusitajwe kabisa, kwani wazazi watamla nyama. Wafundishwe tu: ukiona usiguse, ondoka, sema. Je, mzee anaahidi?

"Yes, madamu," akasema Bwana Nyama. "Veri gudi, madamu."

Angenyamaza hapo. Mngu nisamehe, angekohoa tu, angekunywa chai. Lakini furaha ilimpanda kichwani. Akanigeukia mie, anatabasamu vizuri kwa ajili ya yule mama, meno yote nje, na kwa Kiswahili, ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, akaanza:

"Bi Chini, tikisa kichwa, cheka. Tumkubalie kila kitu. Wiki ya kwanza nawapa usiguse usiguse yake. Ya pili nawaletea ganda la risasi, lipo kwenye soksi yangu kabatini. Ya tatu nawapeleka msitu wa Epping kimya kimya tukatafute sungura, wajifunze kazi. Huyu Muhindi wa dengu atajulia wapi? Yeye kitu alichowahi kuua ni mbu!"

Na mie nikacheka. Mambo ya dengu yalinichekesha, maana nani mla dengu pale? Chini ya meza Nasra akanipiga teke la ugoko. Nikamtazama, naye ananionyesha kwa macho: mtazame, Bibi, mtazame hedimistresi.

Hedimistresi alikuwa katulia. Katulia ule utulivu wa mtu anayehesabu mishono. Hakukunja uso. Akachukua birika, akanimiminia mie chai tena, akammiminia Bwana Nyama, akamjazia mpaka ukingoni. Bwana Nyama bado anatabasamu. "Anamimina vizuri," akaniambia. "Mtu mwema, ila mjinga."

"Babu," anasema Nasra. "Babu, stopu."

"Nini? Si namsifu!"

Yule mama akavuta ile karatasi ya ratiba. Akaitazama pale alipoandika jina. Akaikunja, akaikunja tena, ndogo ndogo, kwa makini, kama mtu anakunja samosa, akaitia kwenye pipa la taka lililo miguuni pake. Bwana Nyama tabasamu likaanza kumshuka upande mmoja. "Bi Chini," akaninong'oneza, na mara ile ndiyo mara ya kwanza kumsikia akinong'ona, "mbona anatupa jina langu?"

Nikaweka kikombe chini. Nilishaelewa. Ladha ya iliki bado iko ulimini.

Akafunga kalamu yake. Akasimama, akatufungulia mlango, akasimama ubavuni mwake, hakusimama mbele. Akamtazama Bwana Nyama, wala si kwa hasira. Na kwa Kiswahili kile cha kanda ya ziwa, kizito, kimenyooka, akasema:

"Kila bunduki ina risasi, mzee. Mimi nimezaliwa Mwanza."